Sahani Zilizotoka Safi

Wivu wa Lambert ulianzia jikoni, juu ya sahani chafu.

Alikuwa karani katika ofisi ya ardhi ya Kisangani, mtu wa Yanonge, mtoto wa wavuvi. Wabelgiji walipokimbia baada ya uhuru, walipandishwa vyeo waliokuwapo, na Lambert alikuwapo. Alipanda upesi hata akawa mkubwa kabla hajashona suti ya mkubwa. Pamoja na cheo alipewa nyumba karibu na mto, iliyokuwa ya daktari mmoja Mbelgiji. Daktari aliondoka na masanduku yake na mbwa wake, akaacha vingine vyote, na jikoni, kati ya jiko la umeme na dirisha, aliacha mashine ya kuosha vyombo.

Majirani wa zamani kutoka Mangobo, walikokuwa wakiishi Lambert na mkewe Delphine, walikuja kuiona kama wanavyokwenda watu kumwona mtoto mchanga. Ilikuwa sanduku jeupe la chuma lenye mfuniko juu. Ndani mlikuwa na vikapu vya waya vya kupanga sahani, na chini kabisa bomba jembamba lenye matundu, linalozunguka na kurusha maji ya moto. Unapanga vyombo, unatia unga wa sabuni, unafunga, unabonyeza kidude. Inanguruma, inatulia, inanguruma tena. Ukifungua, mvuke unakupiga usoni na sahani ziko humo, za moto, kavu, zinang'aa.

Hivyo ndivyo Lambert alivyowasimulia wageni, na ilikuwa kweli kwa vikombe vya kahawa. Lakini yule daktari alikula supu na viazi. Nyumbani kwa Lambert ilipikwa mosaka, mchuzi mzito wa mawese unaoacha utando mwekundu kila unapogusa. Ilipikwa pondu, yaani kisamvu, na majani yake yalikaukia ukingoni mwa sahani. Ilipondwa lituma, ndizi zinazoshika chombo kama gundi zikiachwa kupoa. Mashine ilihangaika na mambo hayo. Mara nyingi sahani zilitoka na rangi ya machungwa, na glasi zilizowekwa pamoja nazo, ambazo ziliingia na vumbi tu, zilitoka na mafuta. Delphine alizitazama, akazivuta pembeni, na kuzisugua kwa majivu wakati mumewe yuko kazini. Lambert alipenda kuona mashine ikitumika. Alipenda isikike kutoka barabarani.

Mashine ilipoanza kutoa sauti ya kukwaruza, Delphine aliuliza sokoni nani anajua vitu vya umeme, akaambiwa Sefu.

Sefu aliishi Kabondo na mama yake, Mama Sikujua, katika zile familia za Kiislamu zilizokuwa mjini tangu siku za misafara ya pembe za ndovu. Alikuwa mwembamba, si kijana sana, hakuwa na mke. Kabla ya kuinama kwenye kazi alivua kofia yake ya kufuma na kuiweka dirishani, kwa uangalifu, kama mtu anayeweka yai. Siku ya kwanza alifungua lile bomba la matundu na kumwonyesha Delphine nyuzi za pondu zilizoziba kila tundu.

"Mashini iko muzima, madame," alisema. "Ni chakula yetu ndiyo inaishinda. Maji haipate njia."

Alizitoa nyuzi kwa sindano, moja moja. Delphine alicheka kwa jinsi alivyozipanga kwenye kiganja chake. Lambert aliporudi kutoka kazini alikisikia kile kicheko kabla hajafika mlangoni, akasimama. Haikuwa kwamba mkewe hacheki. Ila hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu wahamie nyumba ile kubwa, na alikuwa ameamini kwamba ni nyumba iliyomfanya awe mtu mzima.

Sefu alirudi. Pondu haikukoma kupikwa, na matundu hayakukoma kuziba. Alirudi tena. Sabuni ya daktari ilipokwisha, Delphine alitia ile ya kufulia nguo, na povu likapanda, likainua mfuniko, likashuka sakafuni mpaka veranda; Sefu aliitwa, na kwa siku nyingi baadaye wale wawili waliweza kucheka kwa kutaja neno povu tu. Sefu akaacha kumwita madame. Akaanza kumwita ya Delphine, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, ingawa yeye ndiye aliyemzidi umri.

Lambert aliyaweka hayo yote moyoni. Mezani alikula huku akitazama sahani kuliko chakula.

"Huyu fundi," alisema siku moja, "hajue kazi?"

"Anajua."

"Alors, juu ya nini mashini haiponi?"

"Haina ugonjwa. Mafuta ndiyo mingi."

Jibu hilo halikumtuliza. Alilibeba mpaka ofisini, akalibeba kurudi. Aliwahi kufika katika nyumba ile zamani, karani mdogo aliyetumwa na faili, na kupitia mlango wa jikoni aliona sahani za daktari zikitolewa mashinini zikiwaka kama meno. Mashine ni ile ile. Kama iliosha kwa daktari na haioshi kwake, basi kuna mtu anayetaka isioshe. Aliliona wazo hilo kuwa na akili. Mwanamke akitaka fundi aje, afanye nini? Atasema vyombo havitakati.

Jumapili moja mchana Delphine alikwenda Tshopo kumtazama shangazi yake aliyeugua. Lambert alibaki peke yake, akavua shati, akaingia jikoni. Kulikuwa na mosaka ya jana chunguni. Alitoa sahani nzuri, zile za maua ya buluu, akazipaka mchuzi moja baada ya nyingine, akaongeza lituma na kuikandamiza kwa kidole. Akaziweka juani dirishani zikauke barabara. Hakuwahi katika maisha yake kufanya kazi kwa bidii namna ile jikoni. Kisha akazipanga kwenye vikapu, akatia sabuni, akafunga, akabonyeza.

Mngurumo ulimchosha. Akavaa shati, akaenda kunywa bia kwa rafiki zake, kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

Aliporudi jioni Delphine alikuwa amekwisha rudi, ameketi veranda akisuka nywele zake. Lambert alimpita, akaingia jikoni, akainua mfuniko. Sahani zilikuwa safi. Alitoa moja, akaipitisha kidole, kidole kililia. Maua ya buluu yalikuwa buluu. Hapakuwa na utando, hapakuwa na punje ya lituma. Alisimama pale ameishika kifuani.

Siku iliyofuata alirudi mapema akamkuta Sefu ameinama mashinini na Delphine ameshika taa ya kummulikia. Kofia ilikuwa dirishani.

"Toka," Lambert alisema.

Sefu aliinuka. Alimtazama Delphine, na kule kutazama ndiko kulikomuudhi Lambert kuliko yote.

"Papa Lambert, bado kufunga hii chini. Maji itamwangika."

"Imwangike. Toka kwangu, usirudi hata siku moja."

Sefu alivaa kofia, akachukua mfuko wake wa vyombo vya kazi, akaaga kwa sauti ya chini, akaenda. Maji yalianza kutiririka sakafuni, nao mke na mume wakasimama ndani yake wakatazamana.

"Unanidanganya," Lambert alisema. "Mashini inaosha. Niliijaribu miye mwenyewe. Jumapili nilipaka sahani mosaka, nikaikausha kwa jua, nikaitia ndani. Ikatoka safi kabisa. Kwa hiyo huyu mutu anafuata nini hapa?"

Uso wa Delphine ulibadilika, lakini si kwa hofu aliyoingojea Lambert. Ulikuwa uso wa mtu anayeelewa jambo la aibu kuhusu mtu anayempenda.

"Ni weye uliipaka?" aliuliza. "Nilizani ulikula na barafiki. Nilifungua, nikakuta sahani zote nyekundu. Nikasema, bwana yangu alijaribu kunisaidia, na mashini yake imemuaibisha. Nikaisugua na majivu, nikairudisha ndani, nikafunga."

"Juu ya nini uirudishe ndani?"

"Ili ufungue, ufurahi."

Lambert hakumwamini. Alimwambia hivyo. Delphine hakulia wala kubisha. Alichukua chungu, akapika mosaka siku ile ile, wakala, na baada ya kula akaikaza ile sehemu ya chini aliyoiacha Sefu, akazipanga sahani mashinini mbele ya macho ya mumewe, akavuta viti viwili. Waliketi mbele ya sanduku lile jeupe kama watu wanaongoja treni, maji ya sakafuni yakilowesha viatu vyao, mpaka mngurumo wa mwisho ulipokoma. Akamwashiria afungue yeye.

Zilikuwa chafu. Mafuta yalikuwa yamesambaa hata migongoni mwa sahani, na lituma imehama kutoka sahani hii kwenda ile. Kijiko kimoja kilikuwa kimegandiana na kingine.

Hapo Lambert angeweza kuomba radhi, na baadaye alitamani angalikuwa amefanya hivyo. Badala yake akili yake ilipiga hatua nyingine, peke yake, kama mashine.

"Bon," alisema. "Kwa hiyo haiwezi kupona. Naye anajua haiwezi kupona. Sasa anakuja kufanya nini?"

Delphine alishika sahani chafu mikononi. "Anakuja kuongea," alisema. "Ananiuliza habari ya kwetu Isangi, ya mama yangu, ya kazi niliyofanya kwa masista. Weye ukirudi unauliza mashini ilifanya kazi."

Lambert akaenda kulala. Sefu hakurudi. Mashine ilifunikwa kitambaa na kuwekwa chungu cha maua juu yake. Lakini wivu haukuondoka na yule mtu. Ulibaki umekaa nyumbani, ukila nao mezani. Delphine akiimba, Lambert alijiuliza anamwimbia nani. Akinyamaza, alijiuliza anamwaza nani. Akienda sokoni na kuchelewa, alisimama veranda akijifanya anatazama mto.

Mwaka wa sitini na nne, mwezi wa nane, waasi waliingia Kisangani. Jeshi la serikali lilikimbia bila kupiga vita vya maana, na wapiganaji wenye majani kichwani na dawa mwilini wakaingia mitaani. Walikuwa wakiwatafuta wenye tai. Karani, mwalimu, mkubwa wa ofisi, yeyote aliyeshika kalamu baada ya uhuru na kupata nyumba ya mzungu, aliitwa msaliti. Watu walitupa miwani yao vyooni. Lambert alikuwa sebuleni, akisikia milio ya bunduki kutoka upande wa soko, na hakujua aende wapi, maana kila mtu mjini alijua nyumba ile ni ya nani.

Mlango wa jikoni uligongwa. Alikuwa Sefu, amebeba kanzu iliyokunjwa na kofia.

"Vaa, papa Lambert," alisema. "Upesi. Ukiulizwa, weye ni Hemedi, mudogo ya mama yangu, umetoka Kirundu. Ukishindwa kujibu, kohoa."

"Na Delphine?"

"Mwanamuke hawamutafute leo. Weye wanakutafuta leo."

Lambert alimtazama mkewe, naye alikuwa tayari anamvua tai. Alimvalisha kanzu ya Sefu kwa mikono yake. Ilimbana mabegani. Walitoka kwa njia ya nyuma, wakapita katikati ya umati uliokuwa ukipiga kelele za furaha na za hofu, na mpiganaji mmoja alipowasimamisha Lambert alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Hivyo akafika Kabondo kwa Mama Sikujua, mwanamke mnene mwenye sauti nyororo, aliyempa chumba cha nyuma na kumwita Hemedi hata walipokuwa wawili tu, ili ulimi usije ukamponyoka mbele za watu.

Alikaa pale miezi. Waasi walimwachia Sefu atembee kwa sababu walitaka umeme wa maporomoko ya Tshopo usizimike, wakampa kibali. Na nyumba ya karibu na mto ilichukuliwa na kamanda mmoja na watu wake. Delphine walimzuia humo humo, afagie na kuwaonyesha vitu vya nyumba.

Habari za kule zililetwa na Mama Sikujua, bila hila yoyote, huku akichambua mchele. Leo Sefu alimuona. Leo Sefu alimupelekea chumvi. Leo Sefu aliitwa na kamanda kule nyumbani. Kila habari Lambert aliipokea na kuigeuza. Aliishi kwa ukarimu wa mtu yule, alikula chakula chake, alilala katika shuka lake, alivaa kanzu yenye harufu ya sabuni yake, na wakati huo huo alimwona katika mawazo akiinama jikoni kwake, Delphine akimshikia taa. Wakati mwingine alitamani waasi wamkamate ili yaishe. Sefu akirudi jioni, Lambert alimtazama mikono.

"Yuko muzima," Sefu alimwambia kila mara. Hakuongeza kitu. Lambert hakuuliza, maana angeuliza asingeacha kuuliza.

Siku moja Mama Sikujua aliingia chumbani akafunga mlango, akaketi kitandani, akamshika mkono.

"Hemedi," alisema, "muke yako ameniokolea mutoto."

Akamsimulia. Yule kamanda alikuwa na dawa iliyomkinga na risasi, na dawa hiyo ilikuwa na miiko mingi. Mmoja ulikuwa kwamba asile chakula katika chombo kilichooshwa na mkono wa mwanamke. Wapiganaji wake walimpikia wenyewe, lakini hakuna aliyetaka kuosha. Kamanda alipoiona mashine chini ya kitambaa, akauliza ni nini, akaambiwa. Alifurahi sana. Mashine si mwanamke wala mwanamume, alisema. Nani amewahi kuona chombo safi kuliko hicho? Akaagiza Delphine abonyeze tu, asiguse sahani, na Sefu aletwe kuitengeneza.

Wapiganaji walikula mbuzi. Mafuta ya mbuzi yakipoa huganda meupe, magumu kama nta, na mashine ambayo ilishindwa na mawese ilishindwa zaidi na hayo. Sefu aliitengeneza, akazibua matundu, akaipasha maji. Sahani zilitoka na ukoko. Kamanda aliiinua moja kwenye mwanga, akamuuliza Sefu kwa utulivu alikuwa akiwafanyia kazi Wabelgiji kwa muda gani. Akasema kuna karamu, wakubwa wake watakuja, na kama sahani zitatoka hivi tena, atajua kwamba fundi ameiharibu mashine makusudi.

"Ile siku," alisema Mama Sikujua, "banaume bote balienda muto kuoga dawa. Delphine akabaki peke yake. Akachukua sahani yote, akaenda nyuma ya nyumba, akaisugua na majivu na muchanga. Mikono yake ikatoka damu. Akairudisha ndani ya mashini, akafunga, akabonyeza. Balipofungua, iko safi kama jicho. Kamanda akamupongeza Sefu mbele ya batu bote."

"Na kama wangemkuta?" Lambert aliuliza.

"Bangemuua. Mukono ya mwanamuke ndani ya chombo chake? Bangemuua pale pale."

Mama Sikujua alilia kidogo kwa shukrani, na Lambert alimpigapiga mgongoni na kusema maneno yanayofaa. Alipobaki peke yake, alikaa ameegemea ukuta. Alipaswa kujivunia mwanamke wa namna hiyo, na alijivunia. Lakini chini ya fahari kulikuwa na kile kingine, na hakikuona haya kujitokeza hata siku kama ile. Aliwahi kuoshewa sahani zikarudishwa mashinini kwa siri, ili afurahi. Sasa Sefu ameoshewa, ili aishi. Lambert aliyapima mambo hayo mawili, akayapima tena, na kila mara upande wa Sefu ulikuwa mzito zaidi. Alijiambia kwamba Delphine angemfanyia yeye vile vile. Alijua ni kweli. Haikumsaidia.

Mwezi wa kumi na moja ndege zilikuja asubuhi, askari wakashuka kwa miavuli, kukawa na vita na mauaji, na kamanda akavuka mto na watu wake wasionekane tena. Lambert alirudi nyumbani akiwa bado na kanzu. Delphine alikuwa mlangoni. Alikuwa amekonda, na mikono yake ilikuwa na makovu mapya kwenye vifundo. Walikumbatiana kwa muda mrefu. Kisha Delphine akasema, "Ukoge, nikutafutie nguo yako," na Lambert akafikiri, amechoka kuiona kanzu ya mtu huyu juu yangu, au hataki nijue kwamba anaipenda.

Jeshi la serikali lilirudi nalo lilitaka kulipiza. Walikamatwa wote waliofanya kazi kwa waasi, au waliosemekana kufanya. Sefu alikutwa na kibali chao mfukoni. Mama Sikujua alikuja mbio, nguo imemshuka begani, akaanguka miguuni kwa Lambert.

"Mwanangu iko kwa kambi. Weye ni mukubwa. Weye watakusikia."

"Nakwenda sasa hivi," Lambert alisema.

Na alikusudia kwenda. Alivaa suti, akafunga tai, ya kwanza tangu mwezi wa nane, akatoka. Barabarani mwendo wake ukapungua. Kwenye duka moja lililovunjwa milango aliketi juu ya ngazi. Alifikiri kwamba yeye mwenyewe hajaulizwa bado alijificha wapi na kwa nani. Alifikiri kwamba askari wana hasira, na mtu anayemtetea mwingine anaweza kuunganishwa naye. Mawazo hayo yalikuwa ya kweli, na yalikuwa uongo, maana chini yake kulikuwa na wazo moja tu, kwamba akikaa pale muda wa kutosha, hapatakuwa tena na kofia dirishani mwake. Hakulisema hata kwa ndani. Alikaa tu. Jua lilipoanza kushuka akainuka, akarudi nyumbani.

Mama Sikujua alikuwa amekwenda kuzunguka kambi. Delphine alikuwa jikoni, amesimama.

"Sikumukuta mukubwa ya kambi," Lambert alisema. "Wanasema arudi mutu kesho."

Delphine alimtazama viatuni. Vilikuwa havina vumbi jekundu la barabara ya kambi. Labda hakuhitaji viatu. Labda uso ulimtosha.

"Hukwenda," alisema.

Lambert alivuta kiti akaketi.

"Lambert, sikiliza. Kama huendi, miye nakwenda. Nikifika kule wataniuliza huyu mutu ni nani yako. Mwanamuke hawezi kuomba mutu asiye wake. Nitasema ni bwana yangu. Nitasema mbele ya askari wote, na jina langu wataliandika hivyo."

Alianza kufunga kitambaa kichwani. Hakuwa na hasira. Lambert alijua angefanya hivyo, kama alivyojua sasa kwamba aliosha sahani zile zote chini ya pua ya mauti. Alimwona katika mawazo akisimama mbele ya ofisa na kulitamka neno lile, bwana yangu, juu ya mtu mwingine, hata kama ni uongo.

"Baki," alisema. "Nakwenda."

Safari hii alikwenda mbio, tai ikimpiga begani. Kambini wafungwa walikaa chini uani, mikono kichwani, na Lambert alipita kati ya safu mpaka akamwona Sefu, mdomo umevimba, kichwa wazi. Walitazamana. Sefu hakuomba kitu. Ofisa, kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, alimsikiliza Lambert akieleza kazi yake, cheo chake, nyumba yake, miezi ya kujificha Kabondo, kanzu, na kukohoa.

"Kwa hiyo huyu alikuficha," ofisa alisema.

"Ndiyo."

"Ni nani yako?"

Lambert alikuwa ameandaa maneno njiani, hakuna lililobaki. "Mudogo wangu," alisema.

"Weye Mukristo, yeye mutu wa kofia."

"Iko hivyo," Lambert alisema. "Ni mudogo wangu."

Ofisa alichoka nao. Akaashiria kwa kidevu waende.

Walitoka pamoja, wakatembea polepole kwa sababu Sefu alichechemea. Karibu na mto walisimama ili apumzike. Mbele yao mitumbwi ya Lubunga, ng'ambo ya mto, ilikuwa imeanza tena kuvuka, ikibeba watu na mikungu ya ndizi. Lambert aliona kwamba asipouliza sasa hatauliza tena.

"Sefu. Kati yako na muke yangu, kulikuwa nini?"

Sefu alijifuta mdomo kwa mkono wa shati, akautazama, akajifuta tena.

"Kwangu kulikuwa kitu," alisema. "Tangu siku ya kwanza. Kwake sijue. Sikumuuliza hata siku moja, na yeye hakuniambia."

Lambert alingoja hasira ije. Alikuwa amejiandaa kwa jibu hilo kwa miaka, na sasa lilipokuja hakujua alishike wapi. Huyu ndiye aliyemletea kanzu. Angeweza kuacha mlango wa jikoni bila kuugonga, na mambo yote yangekuwa yake.

"Juu ya nini ulinificha?" aliuliza.

"Yeye angelia," Sefu alisema.

Wakaendelea. Kwenye njia ya Kabondo waliagana kwa mikono, na Mama Sikujua alikuwa tayari anakuja akikimbia kutoka upande wa pili, akilia na kucheka.

Delphine alikuwa akingoja veranda. "Ametoka?"

"Ametoka. Yuko kwa mama yake."

Alifumba macho, akaketi. Baada ya muda akauliza, "Alisema nini?"

Lambert alifungua tai. Alikuwa na maneno ya mtu yule mdomoni, na aliona kwamba akimpa mkewe maneno hayo, yatakuwa yake daima. Atayaweka mahali, atayatoa akiwa peke yake ayaangalie. Hakuweza.

"Alisema asante," alisema.

Delphine alitikisa kichwa kukubali, akaingia ndani kuwasha jiko. Mwaka uliofuata Sefu alihamia Banalia, kwenye kivuko cha Aruwimi, akaoa huko. Mama Sikujua ndiye aliyeleta habari hiyo, na Delphine aliipokea kwa kuuliza jina la bibi arusi na ukoo wake, kama mtu yeyote angeuliza. Lambert alimtazama uso wakati wote huo. Hakuona kitu, na aliendelea kutazama.